Tao, mkunjo, pindo, kona, kizingo, mbinuko: kitu kilichopinda kiitweje, na wapi?

#1 Kamba_na_Msumari

Wakuu, tuwekane sawa kwenye hili. Kitu kisichonyooka kina majina mengi kwa Kiswahili: tao, upinde, mpindo, mkunjo, kona, kizingo, mviringo, mbinuko, mbonyeo, kombo. Wanaotafsiri maelekezo ya ufundi huokota mojawapo na kulimwaga kila mahali, ndiyo maana unasoma "kunja barabara kushoto" au "mkunjo wa mlango wa msikiti" na unabaki umeduwaa.

Msimamo wangu ni kwamba haya si visawe. Kila neno linabeba habari ya ziada: kitu kilipinda chenyewe au kilipindwa, unakitazama kutoka upande gani, na ukikiachia kinarudi au hakirudi. Anayelijua neno kwa kazi yake aje alieleze hapa kwa vipimo.

Naanza na tao kwa sababu ndilo linaloharibiwa zaidi. Tao ni umbo lililoinuka katikati na kukaa kwenye ncha mbili: tao la mlango, tao la daraja, tao la mihrabu. Tao likizungushwa kwenye mhimili wake mpaka likafunika chumba, hilo si tao tena, ni kuba. Kipande chochote cha mzingo wa duara nacho ni tao, na hii ndiyo maana ya darasani.

#2 Mwalimu wa Ngeli

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze sarufi, maana ndipo watu wanapojikwaa.

Tao/matao ni LI-YA: tao limekaa vizuri, matao yamepasuka. Upinde/pinde ni U-ZI. Mkunjo/mikunjo na mpindo/mipindo ni U-I. Kizingo/vizingo ni KI-VI. Kona ni I-ZI na haibadiliki, kwa hiyo "makona" ni ya kijiweni.

Vitenzi ndivyo vyenye utajiri. "Pinda" inafanya kazi mbili: waya umepinda (hali), na pinda waya (tendo). Ukitaka kuonyesha kwamba kuna aliyesababisha kwa makusudi, sema "pindisha". Ukitaka kuonyesha kwamba kitu kinakubali kupindwa bila kuvunjika, sema "pindika". "Nesa" ni kupinda kwa muda kwa sababu ya uzito kisha kurudi: ubao wa kiunzi unanesa mtu akikanyaga. Ubao uliobaki vile baada ya mtu kushuka umepinda. Tofauti hiyo moja ingewaokoa waandishi wengi wa ripoti za majengo.

"Kunja" ina mstari wa mkunjo ndani yake, au inaleta ncha karibu na ncha: kunja karatasi, kunja mkono, kunja mkeka. Methali inasema *samaki mkunje angali mbichi*, kwa sababu akishakauka hakunjiki, atakatika. Kinyume chake ni kunjua, na humo ndimo alimotoka mtu mkunjufu, asiyekunja uso.

Sasa tahadhari mbili kuhusu tao. Ukisikia "anatembea kwa matao", hapo hatuzungumzii umbo la mwili. Ni mwendo wa madaha na maringo. Na Kenya ukiambiwa "niko tao", huyo yuko mjini. Hilo ni neno jingine kabisa lililofanana kwa sauti tu.

#3 Kamba_na_Msumari

Asante mwalimu. Basi niliweke tao kwenye vipimo.

Fundi anahitaji namba mbili tu: upana wa uwazi (tuuite U) na kimo cha tao kutoka usawa wa ncha hadi kilele (K). Nusukipenyo ni:

N = (U × U) ÷ (8 × K) + K ÷ 2

Mlango wa sentimita 120, kimo sentimita 20: 14,400 ÷ 160 = 90, jumlisha 10, unapata 100. Nusukipenyo ni mita moja kamili. Weka ubao wa kiunzi (umbo la mbao la kubebea tao wakati wa kujenga) sakafuni, piga mstari wa sentimita 120, tafuta katikati, shuka sentimita 80 chini ya mstari huo (100 toa 20), gonga msumari hapo, funga kamba isiyovutika yenye urefu wa mita moja, zungusha penseli. Kamba ya nailoni inavutika na itakudanganya kwa sentimita nzima. Tumia waya mwembamba au ufito wenye matundu mawili.

Urefu wa tao hilo upande wa chini ni kama sentimita 128.7, si 120. Tofali lenye unene wa sentimita 7.5 na saruji ya sentimita 1 ni 8.5 kwa pamoja, kwa hiyo unapata matofali 15. Hesabu ya saruji: 15 × 7.5 = 112.5, zinabaki 16.2 za kugawa kwa viungo 16 (pamoja na viwili vya mwisho), sentimita 1 kila kimoja. Iweke hesabu iwe witiri ili tofali moja likae kileleni badala ya kiungo. Tofali likiwa na kina cha sentimita 11, kiungo kilekile kitafunguka hadi karibu sentimita 1.9 kwa juu. Ukiona hiyo ni nyingi, chonga matofali yawe membamba chini.

Jenga kutoka pande zote mbili kwa zamu, ufunge katikati. Ukijenga upande mmoja mpaka kileleni, kiunzi kinalemea na tao linakaa kombo.

#4 Penseli Mbili

Mkuu, hiyo 8 imetokea wapi? Nimezoea kanuni ila sijawahi kuona chanzo.

#5 Kamba_na_Msumari

Pembetatu mraba tu. Kutoka msumari hadi ncha ya tao ni N. Kutoka msumari hadi katikati ya mstari wa ncha ni N toa K. Nusu ya upana ni U ÷ 2. Kwa kanuni ya Pythagoras:

N² = (U ÷ 2)² + (N − K)²

Fungua mabano, N² inajifuta pande zote, unabaki na 2NK = U²÷4 + K². Gawa kwa 2K. Nne mara mbili ndiyo nane yako. Jaribu kwa mfano wa juu: 60² + 80² = 3,600 + 6,400 = 10,000, na mzizi wake ni 100.

#6 Lami Tupu

Kanuni hiyohiyo tunaitumia barabarani, ila huku hakuna anayesema tao mbele ya dereva. Ni kona. Kona kali, kona mbili mfululizo, kona ya kushuka. Neno limetoka kwa wageni lakini limeshaota mizizi: unakata kona, timu inapata kona, na mtu aliyetoroka deni "amekula kona".

Kupima kona bila vifaa: vuta kamba ya mita 20 kutoka nukta moja ya ukingo wa ndani wa lami hadi nyingine, kamba iguse ukingo kwenye ncha zake mbili tu. Pima mwanya wa katikati, kutoka kamba hadi ukingo. Mwanya wa nusu mita unakupa 400 ÷ 4 = 100, jumlisha robo mita: nusukipenyo cha kama mita 100. Mwanya wa mita 2 unakupa mita 26.

Hapa ndipo kona inapoua watu. Nguvu inayohitajika kukushika kwenye kona inakua kwa mwendo mara mwendo. Ukiongeza mwendo mara mbili unahitaji nusukipenyo mara nne. Kona ya mita 100 iliyoinamishwa vizuri inafaa kwa mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa. Ile ya mita 26 inataka karibu nusu ya huo. Dereva macho yake hayaoni nusukipenyo, anaona lami tu.

Lami kwenye kona huinuliwa upande wa nje ili gari liegemee ndani. Ukingo wa nje ukizama baada ya ukarabati mbovu, kona inabaki ileile kwenye ramani lakini haimshiki tena mtu kwa mwendo ule wa zamani. Lori lenye mzigo mrefu kwenda juu hupinduka hata kabla tairi hazijateleza.

Na tusichanganye kona na mzunguko. Mzunguko, au kipilefti kama wanavyosema Tanzania, ni duara zima unalolizunguka.

#7 Mkondo

Mmesahau kizingo. Hilo ni la mto na njia iendayo kwa kujipinda. Mto hauna kona kali, una vizingo.

Kwa kazi, jambo la kujua ni hili: kwenye kizingo maji ya upande wa nje huenda kasi na hula ukingo, ya ndani huenda polepole na hutua mchanga. Kwa hiyo ukingo wa nje unakuwa mwinuko wenye kina, wa ndani unakuwa ufuko wa mchanga wenye maji mafupi. Ukitafuta pa kuvukia kwa miguu, kilele cha kizingo si mahali pake: hata ukianza kwenye mchanga utaishia kwenye kina. Vuka sehemu iliyonyooka kati ya kizingo na kizingo, ambako kina hujigawa. Ukijenga, usijenge upande wa nje hata kama ndio mkavu leo.

#8 Sindano Kali

Haya, nguo. Mafundi cherehani tunaishi kwenye mistari iliyopinda na hakuna hata mmoja wetu asemaye tao. Tunataja mahali: shingo, kwapa, nyonga, kola. Na jamani, *pindo* halistahili kuwa kwenye orodha hii. Pindo ni ukingo wa nguo uliokunjwa na kushonwa, au ncha ya khanga. Limetoka kwenye kupinda lakini linaweza kunyooka kama rula.

Tatizo kubwa la wanaoanza ni shingo inayosimama na kola inayojikusanya. Yote mawili ni kosa la kutojua mstari umepindia wapi.

Mstari ulioingia ndani (shingo, kwapa): ukigeuza nguo, ukingo wa ziada (kitambaa kinachobaki nje ya mshono) unatakiwa kutanuka kufikia mzingo mkubwa zaidi, na kitambaa hakitaki. Ukate visu vidogo, yaani mikato ya mkasi, kila sentimita 1 hadi 1.5, viishie milimita 2 kabla ya mshono.

Mstari uliotoka nje (kola ya mviringo, mfuko wa duara): ukingo wa ziada unaingia kwenye nafasi ndogo, unajikunja na kutoa manundu yanayoonekana kwa nje. Hapa kisu tu hakitoshi, toa vipande vya pembetatu ili nyama ipungue.

Halafu shingo haikatwi na kuachwa mezani. Pale mstari unapopita kwa hanamu ya kitambaa, kinavutika kwa uzito wake tu. Piga kwanza mshono mmoja wa kuzuia, milimita 3 kutoka kwenye mstari wa kushonea, ndani ya ukingo wa ziada, kutoka bega kwenda katikati kwa kila upande. Hatua za mshono kwenye sehemu iliyopinda ziwe fupi, milimita 2, la sivyo duara linatoka na pembepembe.

Sketi ya duara: gawa kiuno kwa 6.28. Kiuno cha 72 ni sentimita 11.5. Hapo ndipo unaposhona, sipo unapokata. Ukingo wa ziada uko *ndani* ya duara, kwa hiyo kata kwa 10.5 ukiacha sentimita 1. Wengi hukata palepale 11.5, kisha wanashona sentimita 1 chini yake, na sketi inazidi kiuno kwa sentimita 6.28. Wengine wanajumlisha badala ya kutoa na inazidi mara mbili yake.

#9 Nondo 12

Sisi wa chuma tunasema kukunja, mwalimu akubali asikubali. Kukunja nondo, kukunja ringi, kukunja bati.

#10 Mwalimu wa Ngeli

Nakubali, na linaingia kwenye maelezo yangu: mnaleta ncha karibu na ncha. Nondo iliyolemewa na lori na kuwa kama upinde, hiyo mtaiitaje?

#11 Nondo 12

Imepinda 😄 Haya umeshinda.

Vipimo sasa. Nondo isikunjwe kwa kuizungusha kwenye msumari mwembamba. Kwa nondo hadi milimita 16, pini ya kukunjia iwe na kipenyo kisichopungua mara 4 ya nondo. Nondo ya 12 inataka pini ya milimita 48 au zaidi. Ukikaza zaidi ya hapo, upande wa nje wa mkunjo unavutwa kupita uwezo wake na kupata nyufa ndogo usizoziona, na upande wa ndani unaisaga zege. Chuma kina kawaida ya kurudi kidogo ukikiachia, kwa hiyo ringi ya nyuzi 90 ivushe kidogo. Kiasi gani? Kunja moja ya majaribio, pima kwa mraba, halafu weka alama kwenye meza. Usiipashe moto ili iwe laini, na usikunje, ukakunjua, ukakunja tena palepale.

Bomba ni habari nyingine. Ukilipinda likiwa tupu, ukuta wa nje unavutika, wa ndani unajikusanya, na katikati linabonyea na kuziba. Jaza mchanga mkavu kabisa uliokaangwa, gongagonga ushuke, ziba ncha zote mbili, kisha pinda polepole kuzunguka umbo. Mchanga wenye unyevu ukipata moto unatoa mvuke, na mvuke uliofungiwa ndani ya bomba hutafuta njia ya kutokea kwa nguvu. Usijaribu.

#12 Kioo cha Pembeni

Mbinuko na mbonyeo, kwa sababu naona hayajaguswa na wanafunzi huyageuza kila mwaka. Chukua kijiko kinachong'aa. Tumbo lake, pale mchuzi unapokaa, ni mbonyeo: ukiliweka mbali na uso unajiona kichwa chini. Mgongo wake ni mbinuko: unajiona mdogo, wima, na chumba chote kimeingia.

Kioo cha pembeni cha gari ni mbinuko kwa sababu hiyo hiyo: kinaona eneo pana, lakini gari la nyuma linaonekana dogo, na jicho huamini liko mbali kuliko lilipo. Kioo mbonyeo hukusanya miale ya jua, na miale hiyo hukutana kwenye umbali wa nusu ya nusukipenyo cha mpindo. Kioo chenye nusukipenyo cha sentimita 60 kinakusanyia sentimita 30.

Muhimu: kitu kimoja ni mbinuko na mbonyeo kwa wakati mmoja, ni suala la umesimama upande upi. Kwa hiyo usiandike "sahani ya mbonyeo" bila kutaja uso unaousema. Kwa lenzi hakuna utata huo: lenzi mbinuko ni nene katikati, lenzi mbonyeo ni nyembamba katikati.

#13 Mtaa wa Pili

Na ya mwili je? Mnapita pembeni tu.

#14 Mwalimu wa Ngeli

Ya mwili yana majina yake, na mengi ni ya kupimwa kabla ya kutamka. Miguu iliyopindia nje ni matege. Mgongo uliotoka nundu ni kibiongo, na mwenye nao huitwa kibiongo vilevile, jambo ambalo si la kumwitia mtu mbele yake. Kwa umbo la kupendeza watu husema shepu au figa, na kiuno chembamba ni kiuno cha nyigu. "Umbo" peke yake halina upande wowote, ndiyo maana linafaa kwa maandishi rasmi.

Kwa tabia: mtu "aliyepinda" mtaani Tanzania ni mtu asiyetabirika, na mwenye kusema hivyo mara nyingine anamsifu. Kupindisha sheria au maneno ni lawama tupu. Mambo yakiharibika yamekwenda kombo, hayajaenda tao. Kukaa umekunja nne ni kuweka mguu juu ya mguu, na kwa wakubwa wengine ni dharau.

Na msisahau duaradufu, yaani duara lililobanwa pande mbili. Yai si duaradufu, maana lina upande mnene na upande mwembamba.

#15 Mchorabati

Swali kwa Kamba_na_Msumari. Uwazi wa mita 4, kimo cha sentimita 25. Nusukipenyo kinatoka mita 8 na kitu, na hakuna sakafu ya kuzungushia kamba. Nimeona mafundi wakigonga misumari mitatu na kupitisha ufito ulionesa. Ni sahihi?

#16 Kamba_na_Msumari

Unapata mstari mzuri kwa macho lakini si kipande cha duara. Ufito ulioshikwa na misumari mitatu unapinda zaidi katikati na kunyooka unapokaribia ncha, maana kwenye ncha hakuna kinachoulazimisha kupinda. Kwa dari ya kupambia, sawa. Kwa matofali, viungo vitakukataa pembeni.

Fanya hivi. Gonga misumari miwili kwenye ncha, mita 4 kati yake. Weka alama ya kilele, sentimita 25 juu ya katikati. Chukua fito mbili zilizonyooka, kila moja isipungue mita 4. Zikutanishe kwenye kilele, moja iegemee msumari wa kushoto, nyingine wa kulia, kisha zifunge kwa skrubu mbili na ubao wa kukingama ili pembe isibadilike hata kidogo. Shika penseli pale zinapokutana. Sukuma umbo zima kwenda kushoto, fito zote mbili zikigusa misumari yake muda wote, kisha kulia. Penseli itachora tao kamili la duara, kwa sababu pembe inayotazama ncha mbili kutoka popote kwenye tao hilo ni ileile.

Ufito ukiachana na msumari hata kidogo, mstari unaacha duara. Mtu wa pili asimame upande mmoja kazi yake iwe kuangalia hilo tu, na sakafu ifagiliwe kwanza, maana changarawe moja chini ya ufito inauinua na penseli inaruka.

#17 Mchorabati

Fito za mita 4 zenyewe zikinesa?

#18 Kamba_na_Msumari

Zilaze bapa, upana wake ukae sakafuni, na uziangalie kwa jicho moja kutoka nchani kabla ya kuzifunga. Zikinesa kwenda juu na chini hakuna shida, sakafu inazibeba. Zikipinda kwa pembeni ndiyo balaa, hapo tumia bomba la mraba la alumini.